Mbwa wako ni mpole, sawa, lakini mshike kamba

Hii nimeianza mwezi wa saba, imekaa kwa simu nusu nusu, kila nikiifungua naona aibu naifunga. Leo naimaliza.

Nina mbwa anaitwa Bosco. Nusu jamani shepadi, nusu mbwa wa kienyeji wa huko Banana, miguu mirefu, sikio moja limesimama lingine limelala. Nilimchukua akiwa na wiki nane kutoka kwa mama mmoja anauza mboga, na hajawahi kuuma mtu, watoto wa ploti yetu wanamvuta mkia anawaangalia tu. Kwa hivyo nikiwaambia alichofanya Karura, ule msitu wa hapa Nairobi, msimfikirie kama mbwa mkali. Hata siku hiyo hakuwa mkali. Alikuwa anafurahi.

Ilikuwa Jumapili asubuhi, ile baridi ya Nairobi ya Julai, ukungu mpaka huoni gari iliyo mbele yako. Tuliingia na geti ya Limuru Road mapema, watu walikuwa wachache, na sheria ya hapo si siri, mbwa anakaa kwa kamba wakati wote. Naijua sana. Tukatembea mpaka kule njia inaposhuka kuelekea mto, nikaangalia mbele nikaangalia nyuma, hakuna mtu, hakuna baiskeli, nikamfungua. Nilikuwa nimeshafanya hivyo kama mara kumi na hakuna kitu kilikuwa kimetokea, na hizo mara kumi ndo zilinidanganya.

Haikufika dakika tatu. Akasimama, pua juu, mguu mmoja wa mbele umekunjwa, na kabla nimwite akapotea kichakani. Nikasikia matawi yakivunjika alafu sauti moja nzito, ya kukwaruza, kama mbwa mkubwa amebweka mara moja akanyamaza, na sikuelewa juu Bosco habweki hivyo. Baadaye ndo nilijua ni pongo, yule swala wa vichakani. Pongo akishtuka hubweka, ukweli kabisa. Nikaita, nikapiga mluzi, nikatikisa pakiti ya biskuti, huyu mbwa ambaye nyumbani akisikia tu mlango wa friji anatoka usingizini, na hakurudi.

Nilimwona mara moja tu, akikata njia kama mita hamsini mbele yangu, na mbele yake pongo jike, kahawia ya kuelekea nyekundu, madoa meupe kwa mapaja, kichwa chini, anakimbia kama kitu kinachojua kinakufa. Wakaingia upande wa pili. Alafu nikasikia fensi. Kama umewahi kusikia kitu kizito kikigonga waya za fensi unaijua hiyo sauti, inalia hadi mbali, waya zinaendelea kutetemeka hata baada ya kile kitu kuanguka.

Askari wa msitu alinipata nikikimbia nikilia. "Madam, mbwa ni wako?" Nikasema ni wangu. "Alikuwa na kamba?" Kamba ilikuwa hapo mkononi, nimeizungushia ngumi. Akaiangalia, hakuuliza tena, tukaenda.

Tulimpata Bosco amekaa kando ya fensi ulimi nje, mkia unapiga nyasi, hana hata tone la damu. Kwa waya kulikuwa na manyoya. Nyasi zimelala. Pongo hakuwepo. Mimi nikashukuru Mungu, nikasema basi ametoroka, hakuna ameumia, na nilikuwa nishaanza kutabasamu wakati yule askari, mtu mzima, umri wa baba yangu, alichuchumaa akaangalia nyayo kwa muda alafu akaniuliza bila kuinua kichwa, "Alikuwa na mtoto?"

Sikujua. Ningejuaje.

Jumatano nilirudi kuomba msamaha vizuri, bila Bosco. Akaniambia Jumanne wamepata jike amekufa karibu na mto, hana alama ya meno. Nikamuuliza kama ni yule. Akasema, "Pongo ni wengi, madam." Hakuniambia ni yule na hakuniambia si yule, na mpaka leo naweza kusema hakuna jibu lingekuwa gumu kwangu kuliko hilo.

Sasa wacha niwaeleze venye nilikuja kuelewa, juu nilisoma sana baada ya hapo, na mambo mengine niliyasikia kwa hao askari wenyewe.

Pongo, wengine wanamwita mbawala, ni swala wa vichakani, hakai kundi kubwa kama swala tunaowaona Nairobi National Park. Jike anazaa mtoto mmoja, anambeba karibu miezi sita, na akizaa hatembei naye. Anamficha kichakani anamwacha peke yake, anaenda kula, anarudi kunyonyesha, na akirudi anakula hata kinyesi cha mtoto ndo harufu isiwaite wawindaji. Fikiria hiyo kazi yote. Mtoto anaambiwa na mwili wake alale kimya asisonge hata kitu kikipita hapo karibu. Chui angeweza kupita asijue. Lakini mbwa wako anapita njia hiyo kila Jumamosi, ana muda, ana shibe, hana haraka ya kula, na pua yake inafanya kazi yote ambayo macho yako hayawezi. Na mama akikimbizwa mpaka upande ule mwingine wa msitu, yule mtoto anaendelea kulala pale pale akingoja.

Kitu cha pili, na hii ndo iliniuma zaidi: mnyama anaweza kufa bila kuguswa. Swala wa msituni mwili wake ni wa mbio fupi, anaruka, anazama kichakani, anatulia. Ukimkimbiza dakika baada ya dakika akiwa na hofu, misuli inajaa asidi, joto linapanda, ile misuli inaanza kuharibika yenyewe ndani na uchafu wake unaingia kwa damu mpaka kwa figo na moyo. Anaweza kuanguka hapo hapo, ama asimame, atembee, aonekane mzima, alafu afe siku kadhaa baadaye. Madaktari wa wanyamapori wanaiogopa sana hii kitu, ndo maana wakihamisha mnyama unaona wanamfunga macho, hawataki kelele, wanammwagia maji apoe. Hao ni watu wenye dawa na mafunzo na bado wanapoteza wanyama. Sembuse Bosco na furaha yake.

Kwa hivyo mtu akiniambia "lakini hakumshika", najua anamaanisha vizuri, nilisema hivyo pia. Kushika si lazima.

Na hapo ndo nafika kwa fensi, juu nafikiri hatuifikirii vile inafaa. Karura ni hekta kama 1,041, ndani ya jiji, imezungukwa na Muthaiga, Gigiri, Runda, barabara kila upande. Na tuko nayo juu kuna watu walipigwa. Januari 1999 Wangari Maathai alienda pale na wenzake kupanda miti wakati ardhi ya msitu ilikuwa inagawiwa watu wajenge nyumba, akapigwa kichwani na vijana waliokodishwa, akaenda polisi akaandikisha ripoti akaitia sahihi na damu yake mwenyewe. Baadaye jamii inayozunguka msitu na serikali wakashirikiana, ikawekwa fensi ya stima, ule msitu uliokuwa unaogopwa watu wakaanza kuleta watoto. Kuanzia 2014 wakahamishwa mbega, wale kima weusi na weupe, zaidi ya 100 kutoka Kipipiri kule Nyandarua, mashamba yalikuwa yamewabana huko, na leo ukiinua macho unawaona na yale manyoya meupe yananing'inia kama shuka. Fensi imefanya kazi.

Lakini fensi haijui kuchagua. Ile waya inayozuia mtu mwenye panga kuingia ndo hiyo hiyo inamzuia pongo kutoka. Kule porini swala akikimbizwa na mbwa ana pahali pa kwenda, anaweza kukimbia kilomita tano akaingia bonde lingine. Karura akikimbia kidogo tu anapata waya, akigeuka anapata njia ya baiskeli, akigeuka tena anapata familia na pikiniki. Tumewafungia ndani ili tuwalinde alafu sisi wenyewe tunaingia na mbwa tunawafungulia. Sijui niiseme aje iwe rahisi zaidi.

Na si pongo tu. Kuna yule paa mdogo kabisa, suni, kilo tano hivi, akisimama anafika chini ya goti lako, unaweza kupita kando yake miaka mitatu usimwone. Kuna funo, naye ni paa mdogo. Kuna kanga na kwale ambao wanataga chini kwa majani, mbwa akiwafukuza mara mbili mara tatu mayai yanapoa. Kuna nungunungu, na hapa namwongelea mbwa wako sasa, juu miba ya nungunungu usoni ni operesheni. Nguruwe mwitu mwenye watoto hatoroki, anakuja. Na pongo dume akibanwa kona anageuka na pembe zimenyooka kama visu, wawindaji wa zamani wamepoteza mbwa wengi sana hivyo. Kima nao wale wakubwa wana meno marefu, makali. Mtu anadhani msitu wa jijini ni bustani.

Nilikutana na jamaa mmoja mwezi wa nane, ana mbwa wakubwa wawili aina ya rijibeki wako huru mbele yake kama mita mia. Nikamwambia, "Boss, samahani, shika mbwa tafadhali, kuna pongo wawili hapo kwa kona." Akanijibu vizuri, hakuwa mtu mbaya, "Usijali sista, hawa hawaumi." Na nilijisikia mimi mwenyewe mwezi mmoja nyuma. Nikamwambia najua hawaumi, hata wangu haumi, alafu nikamweleza habari ya fensi na ya yule jike wa Jumanne, sikupanga kumweleza, ilitoka tu, nimesimama pale katikati ya njia na machozi yananilenga. Akawaita. Mmoja akaja. Yule mwingine alichukua kama dakika sita kurudi, na katika hizo dakika sita yule jamaa hakuongea, alikuwa anasikiliza msitu tu.

Sababu ingine watu wanatoa ni mbwa anahitaji kukimbia, hawezi kukaa kwa kamba maisha yake yote. Hiyo ni kweli na siwezi kuipinga. Mbwa anahitaji kukimbia. Lakini akimbie kwa kiwanja, kwa shamba la rafiki lenye ukuta, kwa kompaundi, si pahali ambapo kuna mtu mwingine analea. Na mnisikie hapa, sitaki mbwa wafukuzwe Karura. Mbuga za kitaifa mbwa haruhusiwi hata kukanyaga, na sababu zao ni nzuri. Karura ni moja ya pahali pachache hapa Nairobi unaweza kutembea saa mbili na mbwa wako chini ya miti ya kweli, na mbega juu ya kichwa. Hiyo ni heshima tumepewa na inaweza kuondolewa, na ikiondolewa itakuwa ni sisi, si mbwa.

Alafu magonjwa. Mbwa wa kufugwa anaweza kubeba kichaa, distempa na pavo, yote ni magonjwa ya virusi, na haya hayajui mpaka. 1994 distempa iliingia Serengeti, simba karibu 1,000 wakafa, kama theluthi ya wote, na ugonjwa huo ulihusishwa na mbwa wa vijiji vya pembeni. 2017 ikapiga mbwa mwitu wa Laikipia, hapa hapa kwetu, ikawamaliza kundi baada ya kundi. Huko milima ya Bale, Ethiopia, kichaa kutoka kwa mbwa wa wachungaji kimeua mbweha wale wekundu mara kadhaa na wamebaki chini ya mia tano wakubwa. Karura hakuna simba, lakini kuna kanu, fungo, nguchiro, wanyama wadogo wanaokula nyama, na wote hawa hakuna mtu anawapeleka chanjo. Bosco anachanjwa kila mwaka na kadi iko kwa gari. Kinyesi chake naokota hata kama ni ndani ya kichaka, juu virusi vya pavo vinaweza kukaa kwa udongo miezi na miezi. Hiyo ya kuokota naona watu wengi wanaiacha wakisema ni mbolea. Si mbolea ya huo msitu.

Wengi mnakumbuka ile video ya London, 2011, ya mbwa anaitwa Fenton akifukuza kulungu Richmond Park na mwenyewe nyuma anaita jina kwa uchungu, kundi zima linakata barabara na magari yako hapo. Dunia ilicheka, hata mimi nilicheka wakati huo, nilituma kwa marafiki. Niliitazama tena mwezi wa saba na sikuweza kuimaliza. Siku hizi pale Richmond kuanzia tarehe 1 Mei hadi 31 Julai, wakati kulungu wanazaa, mbwa wote wanakaa kwa kamba, mkubwa mdogo, mpole mkali. Sisi hapa pongo wanaweza kuzaa mwezi wowote, kwa hivyo msimu wetu ni mwaka mzima.

Watu wananiuliza nafanya aje sasa, nitasema ya kwangu tu. Nilinunua kamba ya mita kumi kwa duka la vifaa vya ujenzi, ile ya kufunga mizigo, nikapelekea fundi viatu akaishona klipu upande mmoja na kishikio upande mwingine, kazi safi. Hiyo ndefu siifungi kwa kola, naifunga kwa ile mikanda ya kifuani, juu akishtuka na kukimbia mita kumi alafu ivute shingo unaweza kumuumiza vibaya. Na usiizungushe kwa vidole vyako, tafadhali, iache ipite kwa kiganja. Kwa njia yenye baiskeli naikunja nabaki na mita mbili.

Kuitika jina nilimfundisha upya kama mtoto wa mbwa. Biskuti nilizitupa, natumia omena iliyokaushwa, inanuka mfuko mzima lakini kwa Bosco hakuna kitu kinashinda omena. Kwanza ndani ya nyumba, alafu kompaundi, alafu kiwanja cha mpira watoto wakicheza, alafu tukaenda kwa shosho Limuru ambako kuna mbuzi. Unaanza mbali sana, mbuzi ni kidoti tu, unaita, akigeuza kichwa anapata omena hapo hapo na sifa nyingi. Siku ingine unasonga hatua tano. Ukisonga haraka unarudi mwanzo, nimerudi mwanzo mara nyingi. Na kitu kimoja nilikuwa nakosea miaka yote, mbwa akianza kukimbiza mnyama usimkimbilie nyuma ukipiga kelele, kwake hiyo ni wewe umejiunga na uwindaji. Geuka ukimbie upande mwingine ukiita kwa sauti ya furaha. Haifanyi kazi kila wakati, lakini ile ingine haifanyi kabisa.

Alfajiri na jioni siendi naye tena, hizo ndo saa pongo wanatoka kula kando ya njia. Tunaenda saa nne, jua limewaka, wao wamelala ndani.

Na hata baada ya hiyo omena yote, simfungui. Kwa shosho anaitika mara tisa kati ya kumi, na najua ile moja iko wapi.

Jumamosi iliyopita nilimwona yule askari tena. Alimsalimia Bosco kwanza, akamkuna lile sikio lililolala, alafu akanionyesha nyayo kwenye matope karibu na daraja, kubwa na kando yake ndogo kama kucha ya kidole gumba. Hakusema kitu na mimi sikuuliza, tuliziangalia tu, Bosco naye amekaa akitetemeka pua ikifanya kazi, kamba imekaza kidogo mkononi mwangu.

Kamba ya pili ninayo kwa gari, fundi alishona mbili. Ukinipata pale parking ya geti ya Limuru Road Jumamosi saa nne na umesahau yako, niulize, nakupatia, utanirudishia ukitoka.